Kivimbe Nilichokigusa

Nilikigusa. Kwa miaka mingi nimewaambia ndugu, na mume wangu kabla yao, kwamba sikujua lolote. Nilikigusa kwa vidole viwili, chumbani kwangu, mtaa wa Gungu. Kilikuwa kama punje ya harage, kigumu, na hakikumuuma mama.

Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi kwa kibali cha siku tatu. Tulikimbia Burundi pamoja. Mimi nikabahatika kusoma hadi chuo kikuu, yeye akabaki kambini na kadi ya mgao wa chakula. Siku hizo nilikuwa nikiandika makala ya gazeti kuhusu chembe za dhahabu, ndogo mno, ambazo wataalamu walizijaribu maabarani ili zinase kwenye seli za saratani na kuzionyesha zingali chache, kabla hata hapajavimba. Nilizipenda sana sentensi zangu. Nikamsomea.

"Yaani wanaona kisichoonekana," akasema. "Haya msomi, niangalizie hiki kinachoonekana." Akafungua blauzi.

Nilimwambia amwone daktari wa kambi. Akacheka hadi akakohoa. Daktari wa kambi alikuwa mume wangu.

"Mkwe wangu anishike ziwa? Bora nife na heshima yangu, mwanangu."

Kwetu mama hata sahani moja hali na mkwewe. Ningeweza kumpeleka hospitali ya mjini, kwa muuguzi wa kike, mwendo mfupi wa bodaboda. Lakini kibali kilikuwa kinaisha kesho yake, na makala ilitakiwa kesho hiyohiyo.

"Ni tezi tu, mama. Itapungua yenyewe."

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye digrii. Digrii yenyewe ni ya fasihi. Akaniamini, akafunga vifungo.

Makala ilisifiwa. Mhariri aliipa kichwa kinachowahimiza wasomaji wawahi kupimwa.

Mwaka uliofuata mama alianguka kwenye foleni ya mgao. Muuguzi alimpima, mume wangu akiwa amesimama nje ya pazia. Kipande cha kivimbe kikapelekwa hospitali ya rufaa kupimwa. Majibu yaliporudi, mume wangu alinipigia simu kutoka wodini.

"Saratani imefika kwenye ini. Tumebaki na dawa za maumivu tu. Kivimbe hiki si cha jana. Wewe ulijua?"

Kabla sijajibu nikamsikia mama kwenye simu, nyuma ya pazia, akimwambia muuguzi kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mkwe wangu, binti yangu hakujua kitu. Nilimficha."

"Sikujua," nikasema.