Kigingi Chekundu Kando ya Babu

Nianze na upumbavu wangu, rafiki yangu: nilimwoza babu mke wa pili, na babu alikuwa keshakufa zamani.

Likizo hii nimerudi kwa Hawe, nyanya yangu, kule karibu na Mariakani. Treni mpya imepita juu ya tuta lake, madirisha yamefungwa, haina hata habari nasi. Ile ya kale ilikuja ikikohoa. Ikipiga honi tu, Hawe hutupa mwiko, akakimbilia stesheni na beseni la machungwa kichwani, nami nyuma yake nikila faida. Abiria wakininginia madirishani: "Mama, niongeze moja basi!"

Nilikuwa darasa la pili walipokuja wapimaji wa reli mpya, wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Kimoja kilisimama nyuma ya jiko la Hawe, kile kibanda cha makuti kilichonuka moshi na nazi. Nikakiona kizuri. Nikaking'oa, nikakichomeka kando ya kigango cha babu, ule mti wa kuchongwa tunaomsimikia mzee aliyefariki, ambao ukishasimikwa hauhamishwi.

"Babu, mkeo huyo," nikamwambia. "Usimpige."

Jioni Hawe akakiona. Hakupiga yowe. Alileta mnazi katika kifuu, akaumimina pale chini. "Mume wangu, reli yaja juu yako. Sina nguvu za kuizuia. Usinikasirikie."

Tangu hapo hakula. Wali ulipoa sahanini, nami, mpiga domo wa darasa zima, nikaenda kujificha nyuma ya michungwa yake.

Wapimaji waliporudi, mmoja akauliza nani kachezea kigingi chake. Macho yote yakanigeukia. Sifa zangu zilinitangulia. Wakakirudisha nyuma ya jiko.

"Jiko?" Hawe akauliza. "Jiko tu?" Akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Lichukueni! Mzee wangu mwacheni alale."

Wakalichukua, na michungwa yote. Babu yuko pale pale hadi leo. Stesheni ya kale imeota nyasi, na beseni la Hawe wananyweshea mbuzi. Treni ikipita, Hawe hata kichwa hainui.

Siku ya kubomoa jiko, mama yangu mzazi alisimama kando yangu tukitazama makuti yakianguka. Nilingoja kofi. Halikuja. Akajifuta macho kwa leso, akasema:

"Mkono ulipokuwasha, mwanangu, mbona hukuving'oa vyote?"