Kinanda Nilichompigia Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa milimani, wa pande za Muheto kule Masisi, na ujanani kwa likembe sikuwa na mpinzani. Nalisema hilo bila woga kwa sababu wote walionishinda wameshakufa. Likembe ni kile kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba juu yake. Unakishika kwa mikono miwili na kukipiga kwa vidole gumba. Vidole vingine vinane havina kazi ila kushikilia. Nilipiga nikienda shambani, nikapiga nikirudi, nikapiga nikichunga mbuzi wa baba mpaka mbuzi wakaingia kwenye maharagwe ya jirani. Watu walinisifu, na mimi sikuwa mtu wa kuachia sifa zipite hivi hivi.

Miaka michache baada ya ile vita kubwa ya Wazungu, nilivuka Kalembe, kule ambako milima inashuka na msitu wa Walikale unaanza, kwenda kumposa msichana niliyemwona sokoni. Baba yake alikuwa mwindaji, Mkristo wa kusali kila asubuhi, mtu wa maneno machache. Aliniangalia miguu, kisha akaniangalia mikono.

"Unajua kutega?"

"Hapana, Papa."

"Unajua kufuata nyama mu pori?"

"Hapana, Papa. Kwetu tunalima."

"Kulima, hata bibi yangu analima. Sasa weye unajua nini?"

Binti alikuwa nyuma ya mlango. Nilijua kwa sababu nilisikia akibana kicheko. Mtu mwenye akili angesema anajua kutunza mke. Mimi nikatoa kifua.

"Najua muziki, Papa. Likembe, ngoma, hata kinanda ya misheni."

Kinanda cha misheni nilikuwa sijakigusa hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Kilikuwa sanduku kubwa la mbao lililokaa ubavuni mwa kanisa, lenye meno meupe na meusi juu na vikanyagio viwili chini vya kupuliza upepo. Sisi wengine tulikiita piano ili tuonekane tumetembea. Lakini sikuona kama nadanganya. Nilijiambia kwamba aliyeiweza likembe kwa vidole viwili tena akitembea, kinanda cha kupigwa umekaa kwenye kiti kitamshinda nini?

Mzee alifikiri kidogo.

"Muzuri," akasema. "Siku ya ndoa, mutoto wangu akiingia mu kanisa, weye njo utapiga. Nikikusikia, iko bibi yako. Nisipokusikia, tutarudia naye kwetu, na padri atabakia na pete yake."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nilirudi milimani nikamwendea padri wetu, Mzungu mzee mwenye kikohozi kisichoisha, aliyesema Kiswahili chetu kuliko sisi. Nikamweleza kwamba nataka kujua kinanda, na kwamba harusi ni baada ya mavuno ya maharagwe.

"Maharagwe ya mwaka gani?" akauliza.

"Ya mwaka huu, Padri."

Alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu, akanionyesha kiti.

Siku hiyo ya kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani hakuna mtoto wa Ulaya aliyewahi kulifanya. Nilikishika kinanda kwa pande zake mbili ili kisinitoroke, nikavinyoosha vidole gumba, na vingine nikavikunja chini ya ubao. Mikono yangu haikufika hata katikati. Padri alinitazama nilivyokumbatia lile sanduku, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Baadaye nilielewa kwamba haikuwa kukohoa.

"Mungu alikupa vidole kumi," akasema. "Hii munane ingine iko mu konje?"

Haikuwa likizo, ni kwamba hivyo vinane havijawahi kuajiriwa. Akaninyang'anya gumba zangu, yaani alizifunga kwenye viganja kwa vipande vya kitambaa, nikabaki na vile ambavyo havikujua lolote ila mpini wa jembe. Vilikuwa vinene, vina sugu, na kila kimoja kikigusa kinagusa meno mawili. Kidole cha pete kilikuwa kibaya kuliko vyote. Nilipokiambia kiinuke, kilimwinua na jirani yake, na nilipokikazania peke yake, bega zima lilipanda mpaka sikioni.

Kichwa nacho kilikuwa na mambo yake. Kwenye likembe, sauti nene inakaa katikati, na nyembamba zinapanda huku na huku, moja kushoto, moja kulia. Hivyo ndivyo muziki ulivyokaa kichwani mwangu, na niliamini kwamba Mungu mwenyewe ndivyo alivyoupanga. Kinanda kinaanza kinene kushoto, kinaenda kikikonda mpaka mwisho wa kulia, basi. Nilipotafuta sauti ya katikati kwa gumba ambalo halikuwepo, wimbo wa Bikira Maria ulitoka umegeuzwa kichwa chini. Padri akaniambia nisahau likembe. Ni kama kumwambia mtu asahau njia ya kwao.

Na miguu! Miguu ya mtu wa Masisi inajua kazi moja, kupanda mlima. Wimbo ulipoanza kunikolea, vikanyagio vikawa mlima, na mimi nikaupanda kwa bidii, kinanda kikipiga kelele kama nguruwe aliyeshikwa.

"Unakimbia wapi?" Padri alipaza sauti. "Hamuna mulima humu!"

Nilipoikumbuka miguu, mkono wa kushoto ulikaa. Nilipoukumbuka mkono wa kushoto, miguu ilisimama, kinanda kikakata roho katikati ya Halleluya. Nilitoka pale nimelowa jasho kuliko mtu aliyelima kutwa, na sikuwa nimelima hata tuta moja.

Nyumbani nilifanya mazoezi popote palipokuwa na kitu kigumu: ukingo wa kitanda, mpini wa jembe, sahani. Mama alinivumilia, halafu siku moja akaweka kijiko chini.

"Mutoto wangu, ile mikono iko na nini? Iache basi ikule."

Nilicheka naye, lakini sikuwa na raha. Nilikuwa naogopa. Nilimpenda yule msichana, na niliona wazi kwamba nitampoteza mbele ya kanisa zima kwa ajili ya kidole kimoja kisichotaka kuinuka. Siku moja nilikaa kati ya mistari ya maharagwe nikalia kweli, huku nikiyachukia maharagwe yenyewe, maana yalikuwa yameanza kukauka.

Kisha asubuhi moja, bila taarifa, mikono ikakubaliana. Mstari mmoja tu wa wimbo, kushoto na kulia pamoja, miguu ikitembea kwenye tambarare. Niliupiga tena ili nione kama si bahati, ukaja. Nilishuka kutoka misheni nikiwaeleza watu njiani, na wengi wao walikuwa hawajaniuliza kitu. Nilijiona nimekwisha kuoa.

Mavuno yalipoingizwa ndani, nilikuwa na wimbo mmoja mzima. Siku chache kabla ya ndoa, Padri alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza kwa upole.

"Sasa, ukiwa hapa kwa kinanda, nani atapiga magoti pale na bibi arusi?"

Naapa hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, si mimi, si mama, si mkwe wangu na ukali wake wote. Tulipatana hivi: nitampigia binti anapoingia, na akifika mbele Padri atakohoa, nami nitaacha kinanda niende kupiga magoti. Mpango mzuri sana, isipokuwa Padri alikuwa anakohoa tangu nilipozaliwa.

Siku ikafika. Wakwe walikuwa wamepanda kutoka msituni na nyama yao ya kukaushwa, wakajaza mabenchi ya upande mmoja. Kinanda kilikuwa kimeelekezwa ukutani, kwa hiyo nilikaa nimewapa watu wote mgongo. Nilisikia mlango ukifunguliwa, nikapiga moyo konde, nikaanza.

Vidole vilinitii. Miguu ilijaribu kupanda mlima mara moja, nikaishusha. Kidole cha pete kiliinuka peke yake kama mtu mzima. Nilisikia nyuma yangu akina mama wakishangaa, wakipiga vigelegele, kisha kimya, kisha mtu akicheka kwa furaha. Sikugeuka. Ningegeuza shingo tu, mkono wa kushoto ungekaa, na mkwe wangu yuko pale amekuja kusikia. Padri akakohoa, na mimi sikujua kama ni kikohozi cha mpango au cha kawaida, nikaurudia wimbo. Akakohoa tena, nikaurudia tena, sasa vizuri zaidi. Mwishowe alikuja mwenyewe akaniwekea mkono begani.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameshapiga magoti mbele, zamani sana. Nilichoona ni mgongo wake na nyayo za miguu yake.

Sherehe ilikuwa nzuri. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya binti alivyoingia, jinsi alivyosimama mlangoni, jinsi alivyofanya alipofika karibu na kinanda. Mimi nilikula nikiwatazama midomo. Mke wangu mwenyewe nilipomuuliza, alicheka tu. "Ungegeuka," akaniambia.

Basi nikamwendea mkwe wangu. Alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba, na pombe ya ndizi mbele yake haijaguswa. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa shule anayengoja mwalimu atoe kiboko au sifa.

"Papa, ulinisikia?"

Aliinua macho. Yalikuwa mekundu.

"Ulipiga?"

"Nilipiga, Papa. Mara tatu."

"Sikusikia kitu," akasema. "Mutoto wangu alikuwa anaenda. Nilikuwa naangalia yeye tu."

Miezi yote ile, jasho, gumba zilizofungwa, machozi kwenye maharagwe. Ningeweza kukasirika, nami hukasirika upesi. Lakini nilimwonea wivu mzee yule, wivu mtupu. Sikukumbuka kumuuliza kama binti sasa ni wangu. Nilivuta kigoda nikaketi karibu naye, nikamwomba anieleze mke wangu alivyoingia kanisani.