Mama Ishirini

Katika chuo cha wauguzi alikofundisha, mjini Lushoto, Mwalimu Cecilia wa Gare hakuitwa Cecilia. Aliitwa Mama Ishirini. Miaka kumi na saba alisimama mbele ya sufuria la mabomba ya sindano ya kioo akihesabu dakika tangu maji yanapoanza kutokota, na ole wake mwanafunzi aliyeipua kwenye ya kumi na tisa. Wanafunzi nao hawakukosa utani: aliyefeli mtihani wake walisema amechemsha, ila hakufikisha ishirini.

Mmoja tu hakuwahi kuchemsha, Yonathani. Bomba la plastiki hutumika mara moja kisha hutupwa, aliandika kwenye mtihani wa mwisho, mgonjwa awe yeyote yule. Cecilia alimpa tisini na nane. Mbili alizizuia asije akavimba kichwa.

Yakaja mageuzi. Serikali ikapunguza wafanyakazi, na Cecilia akapunguzwa kwa barua ya mistari minne, tena jina lake limekosewa. Zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa, Yonathani akafungua yake Magamba. Hapo roho ya Cecilia ikatulia kidogo. Kazi yake, alijiambia, bado ina mikono inayoifanya.

Kwa hiyo homa ilipomshika aliiacha hospitali iliyo karibu, akapanda Magamba. Alitaka kuiona hiyo mikono.

Alimkuta Yonathani akimdunga mtoto wa Mwanahawa, mkulima wa kabichi. Alipomaliza hakulitupa lile bomba la plastiki. Alilitumbukiza kwenye sufuria, pamoja na mengine yaliyokwisha kupinda kwa moto.

Mwanahawa akamwamkia Cecilia shikamoo, akamshukuru kwa kuwasomeshea mganga mzuri namna hii. Cecilia akaitikia marahaba. Mtoto alikuwa akijisugua paja.

Mama na mwana walipotoka, aliuliza taratibu mabomba yale huchemshwa kwa muda gani.

“Dakika tano, Mwalimu,” Yonathani alisema bila kumtazama. “Mafuta ya taa hayashikiki siku hizi.” Akafungua kabati, akatoa pakiti ambayo haijafunguliwa, akamwonyesha kwa mikono miwili, kwa adabu zote. “Lako hili hapa, jipya. Wewe siwezi kukufanyia vile.”

Cecilia alijua la kusema. Alikuwa amelisema mbele ya madarasa mazima. Lakini meno yalikuwa yakigongana kwa homa, na dirishani alimwona Mwanahawa akimfunga mtoto mgongoni. Aliona aibu, na woga wa lile sufuria ukaishinda hiyo aibu.

Akapandisha mkono wa gauni.

“Asante, mwanangu,” akasema.