Mizizi ya Riruta

Niliondoka kwa sababu ya macho ya Zakayo. Yalikuwa yamegeuka manjano, na tumbo lake lilianza kujaa. Mdogo wangu huyo hakutaka kabisa kusikia habari za hospitali. Fundi mwenzangu kwenye karakana ya mbao mjini aliniambia kuna mama huko Riruta, Wambui, anayejua dawa za ini. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwazuia Wakikuyu kutembea, lakini mimi, Mluhya mwenye kibali mfukoni, niliweza kupita.

Saa moja asubuhi nilishika njia kwa miguu. Baada ya Kawangware ukungu ulinizingira, na jogoo hata mmoja hakuwika.

Riruta nilikuta nyumba bila watu. Wenyeji walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na walinzi. Milango ilikuwa wazi, na katika jiko moja chungu bado kilikaa juu ya mafiga. Mama Wambui alikuwa akichimba mizizi nyuma ya ua. Aliniambia anaruhusiwa kuja mchana tu, kwa kuwa hata mkubwa wa walinzi anaugua ini.

Aliniuliza jina la mgonjwa, siku alizougua, rangi ya mkojo. Kisha akasimama.

“Tumbo lina maji?”

“Hapana, mama.” Niliogopa angeninyima.

“Kama lina maji, usimpe. Ini lililochoka hivyo, dawa hii italimaliza. Mpeleke hospitali.”

Alinifungia mizizi ndani ya jani la mgomba, akanisindikiza. Kila mlango tuliopita aliusalimu kwa Kikuyu, taratibu, akingoja kidogo kama anayesikiliza jibu. Nilielewa majina tu: Njoroge, Wanjiku, Kamau. Nilipouliza, alisema ni wenye nyumba. Wengine wako kizuizini, wengine hajui waliko.

Tuliagana. Nilikuwa nimeshatembea hatua chache ukungu ulipomficha, lakini sauti yake ilinifikia, akirudi mlango kwa mlango. Njoroge. Wanjiku. Kamau. Halafu, mbele ya mlango nisioujua, akasema, “Zakayo.” Akangoja.

Labda alikuwa akimwombea, labda alikuwa ameshamhesabu pamoja na waliotoweka. Sikurudi kumuuliza. Pale Kawangware niliifukia mizizi kando ya njia, nikaanza kukimbia.

Saa saba mchana nilifika chumbani kwetu. Zakayo alinyoosha mkono apewe dawa. Nilimwambia nimemdanganya mama wa watu, na kwamba tunakwenda hospitali hata kama nitambeba. Akaniomba viatu vyake. Alilazwa majuma mengi, akatoka amekonda lakini yu hai.

Mizizi ile naamini ilikuwa na nguvu, tena Mama Wambui alijua mpaka wake. Mimi ndiye niliyetaka kuuvuka. Tangu siku ile, mganga au daktari akiniuliza, namwambia yote, hata lile ninaloogopa kulisikia likitoka kinywani mwangu.