Mama Pasi na Watu wa Benchi la Nyuma

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa shangazi yangu, nilipohamia kwake baada ya kumaliza chuo, ni kwamba hawezi kukusalimia bila kukunyoosha. Mkono wake mmoja unashika wako, wa pili unakwenda kwenye kola. Humnyoosha mchungaji, humnyoosha askari wa zamu, na siku moja nilimwona akimnyoosha koti bwana mmoja aliyekuja kumgombeza kwa ajili ya kifungo kilichopotea. Yule bwana akasahau nusu ya maneno aliyokuja nayo.

Shangazi ni dobi. Watu humwita Mama Pasi, na nadhani wapo wasiojua kwamba ana jina jingine. Chumba chake cha kazi kimebanana na duka la dawa, urefu wake hatua sita, upana hatua nne. Ndani mna meza ndefu iliyotandikwa mablanketi mawili na shuka juu yake, pasi mbili za umeme, moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme hukatika, na waya tatu za kutundikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Haandiki majina ya wateja. Kila mteja ana uzi wake ndani ya kola: mwekundu mishono miwili, kijani mishono mitatu, na kadhalika. Nilipomuuliza kwa nini asitumie daftari kama watu wengine, alinijibu, "Daftari litaniambia nguo ni ya nani. Uzi unaniambia hata ililetwa lini mara ya mwisho."

Sikumwelewa mpaka nilipokaa naye miezi michache. Nguo za kanisani huletwa Ijumaa na kuchukuliwa Jumamosi mchana. Mtu akianza kulegea, nguo yake ndiyo hutangulia kulegea: wiki hii haikuletwa, wiki ijayo haikuletwa, mwezi unakwisha. Shangazi alijua nani ameacha kuja kanisani kabla mchungaji hajajua.

Na walioacha walikuwa wengi. Kanisa letu lina benchi ishirini na nne, na mwaka ule tulikuwa tunajaza kumi, tena kwa kujitanua. Kwaya ilibaki na sauti tatu, maana ya nne ilikuwa ya mtu mmoja na alikuwa na mafua ya kudumu. Mchungaji wetu, kijana mwenye bidii sana, aliona dawa ni kufanya wiki ya uamsho: mhubiri mgeni, vipaza sauti vinne, turubai uwanjani. Alilileta jambo hilo mbele ya baraza la wazee wa kanisa.

Shangazi alikuwa mzee wa kanisa mpya, wa miezi mitano tu. Walimchagua, kwa kauli yao wenyewe, kwa sababu hana maneno mengi. Siku hiyo aliinua mkono.

"Baba mchungaji, wazo ni zuri. Lakini hao tunaotaka kuwaamsha, tunajua wamelala wapi?"

Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wewe unajua, mama?"

"Baadhi yao. Wengine inabidi tuwatafute kwa miguu. Kipaza sauti kitawafikia walioko hapa tayari."

Mwenyekiti wa baraza, mzee aliyestaafu udereva wa malori na ambaye wote twamwita Mzee Breki kwa jinsi anavyosimamisha kila mjadala, akasema mambo hayo yasubiri. Lakini mchungaji alikwisha kukata shauri. Uamsho ungesogezwa mbele, na Mama Pasi angetengeneza orodha ya watu waliopotea. Mimi nilikuwa nimefanywa katibu wa baraza kwa kosa moja tu, la kuwa na mwandiko mzuri. Nikaagizwa nimsaidie, na wakati huohuo ninakili upya kumbukumbu za vikao vya zamani, kwa sababu panya walikuwa wameshaanza kuzisoma.

Hapo yanipasa kueleza utaratibu mmoja wa kanisa letu. Mshirika akikosa hadharani, hutengwa kwa muda. Hafukuzwi. Anakuja, anaimba, anaomba, lakini anakaa benchi la mwisho, na haikaribii Meza ya Bwana. Muda ukitimia, mchungaji humwita kwa jina mbele ya watu. Huenda mbele, na yule aliyekosewa ndiye humpa mkono wa kwanza, kisha wote. Mtu hajirudishi mwenyewe, huitwa.

Kwenye benchi hilo, tangu nikiwa mtoto wa kuja likizo, nilizoea kumwona fundi seremala. Mtu mrefu, kimya, suti ya rangi ya majivu. Kila Ijumaa huileta suti hiyo kwa shangazi, uzi wa bluu mishono minne. Hakosi. Watu walisema ni mkaidi, amekataa kutubu.

Nilikuwa nikinakili pembeni mwa meza ya pasi, saa nne asubuhi, wateja wawili wakisubiri mlangoni, nilipofika kwenye kikao kimoja cha miaka kumi na mmoja iliyopita. Nikamsomea shangazi kwa sauti. Fundi seremala, katika mkutano wa kujadili paa jipya la kanisa, alikuwa amemwita mwenyekiti, huyuhuyu Mzee Breki, mwongo mbele ya watu wote. Mwenyekiti alisema mbao zilizonunuliwa ni nzima. Fundi alisema zimeoza kwa ndani. Adhabu: atengwe miezi mitatu.

"Mingapi?" shangazi akauliza.

"Mitatu."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Kisha nikafunua mbele, kikao baada ya kikao, kutafuta siku aliyorudishwa. Mwezi wa pili baada ya adhabu palikuwa na ibada ya kumuaga mchungaji wa wakati ule, aliyehamishwa. Baada ya hapo hakuna mtu aliyemtaja tena fundi. Mchungaji mpya alimkuta amekaa nyuma, akadhani ana sababu zake. Na aliyemfuata akadhani hivyohivyo.

Shangazi aliisimamisha pasi, akazima swichi ukutani. Mmoja wa wateja akauliza kama umeme umekatika.

"Haujakatika," akasema. "Njooni saa nane, wanangu. Nisameheni."

Tulipobaki wawili alikaa juu ya kapu la nguo. "Nimepiga pasi suti ya mtu yule miaka kumi na mmoja," akasema. "Kila Ijumaa. Nikimwuliza habari za kazi, habari za mgongo. Sikumwuliza hata mara moja, fundi, kwa nini upo kule nyuma?"

Jioni ile tulikwenda kwa Mzee Breki. Alitukaribisha sebuleni, akasikiliza, akavua miwani na kuifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi nilimsamehe zamani," akasema. "Nilikuwa namsubiri yeye aje."

"Angekujaje, baba, na utaratibu unasema aitwe?"

"Basi si mchungaji ndiye wa kumwita?"

"Alihamishwa."

"Na huyu wa sasa?"

"Wa sasa alikuwa hata hajamaliza shule."

Mke wa Mzee Breki alikuwa akisikiliza toka jikoni, na sauti ikaja kabla ya mwenyewe: "Wewe si ndiye ulikuwa mwenyekiti? Kila kitu unakipigia breki, hicho kikakupita!"

"Mama nanihii, kuna wageni."

"Nimewaona. Ndiyo maana nasema."

Mzee akarudisha miwani. Akakubali kwamba lilikuwa kosa, na kwamba fundi aitwe. Lakini shangazi alipotaja mbao, alikunja uso. Wote tunajua kwamba paa lile lilibadilishwa baada ya miaka miwili tu, mbao zikabomoka mikononi mwa mafundi, na hakuna mtu aliyesema neno. "Hayo ya mbao yameshapita," Mzee Breki akasema. Shangazi akasimama, tukaaga.

Kwa fundi tulikwenda kesho yake. Karakana yake ni bati na nguzo, ardhi imefunikwa maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda, naye hakuacha tulipoingia. Shangazi alimweleza yote akiwa amesimama. Hakusema "baraza limeona" wala "ilitokea". Alisema, "Tulikusahau, kaka. Na mimi mmojawapo, tena mimi zaidi, maana nguo yako ninayo mikononi kila wiki."

Randa ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikasimama.

"Mtu husahau mwavuli, Mama Pasi."

"Ndiyo."

"Binti yangu alipoipokea Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, nilimtazama mgongo. Aligeuka kunitafuta. Mkisahau, mnasahau na hayo?"

"Ndiyo, kaka. Na hayo."

Nilitamani shangazi ajitetee kidogo, aseme wachungaji walibadilika, panya walikula karatasi. Badala yake mkono wake ulianza kwenda kwenye kola ya yule fundi, kama kawaida yake, akauzuia, akaurudisha tumboni.

"Benchi lenyewe nimelitengeneza mimi," fundi akasema. "Ningejua, ningeliongeza upana." Akacheka kwa pua, mara moja. Kisha akatuambia twende zetu, ana kazi.

Niliamini tumemkosa. Njiani nilimwambia shangazi hivyo, kwa ufasaha wote niliofundishwa shuleni. Akanijibu, "Wewe subiri. Mtu amesubiri miaka kumi na mmoja, wewe huwezi kusubiri hadi Ijumaa?"

Ijumaa suti haikuja. Shangazi alikitazama kipande kitupu cha waya siku nzima, na hakuna aliyethubutu kutundika kitu pale.

Jumatatu fundi alikuja mwenyewe, mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Nitakubali kuitwa," akasema. "Lakini si peke yangu."

Kumbe kwenye benchi lile, kwa miaka hiyo yote, walikuwa wamepita wengine. Wapo waliorudishwa, na wapo waliosahauliwa kama yeye, wakachoka, wakaacha kuja. Yeye alikuwa amekaa nao. Alijua mwanamke muuza mitumba alipewa miezi sita, na kwa kosa gani. Alijua kinyozi alipewa mwezi mmoja, mmoja tu, na yapata mwaka wa saba. Alimjua mwalimu wa chekechea na mlinzi wa ghala. Alitaja tarehe za ibada, na mimi nikaandika, kisha nikazilinganisha na vitabu vya zamani. Hakukosea hata moja.

"Ulizishikaje zote hizo, mjomba?" nikamwuliza.

"Ukikaa nyuma huna la kufanya ila kuhesabu vichwa."

Baraza lilikaa Jumatano, na kwa mara ya kwanza Mzee Breki hakusimamisha lolote. Mchungaji alisoma majina yale matano kwa sauti ndogo, akasema wiki ya uamsho na isubiri, maana uamsho wenyewe umeshaanza bila yeye. Sijui kama aliona jinsi wazee walivyoinamisha vichwa.

Tangu siku hiyo shangazi na fundi wamekuwa wakienda pamoja nyumba hadi nyumba, alasiri, pasi zikiwa zimepoa. Hawaendi kumwambia mtu arudi. Wanaomba radhi, wanakunywa wanachopewa, wanaondoka. Muuza mitumba alilia, halafu akamtoza shangazi bei kamili ya blauzi. Mlinzi wa ghala aliwafungia mlango mara mbili, mara ya tatu akauliza ibada siku hizi inaanza saa ngapi. Kinyozi yeye alikwisha kuhamia kanisa jingine, na akasema atakuja siku hiyo hata hivyo, ili awaage watu vizuri akiwa mtu huru. Shangazi akasema hiyo nayo ni haki yake. Na wengine ambao hawakutengwa kamwe, walioacha tu kwa uchovu, wameanza kuleta mashati Ijumaa. Wiki iliyopita tulijaza benchi kumi na tano. Nilihesabu.

Watano hao wataitwa Jumapili hii. Yule mchungaji wa zamani aliyehamishwa, sasa ni mzee wa mkongojo, amepata habari na kutuma ujumbe kwamba majina atayasoma yeye, kwa kinywa chake, kwa sababu deni lilianzia kwake. Fundi amepewa salamu hizo, akashukuru. Kisha akamwambia shangazi jambo moja, polepole. Mkono wa Mzee Breki ataupokea. Lakini kabla ya mkono angependa kusikia, mbele ya watu walewale waliosikia tusi lake, kwamba mbao zilikuwa zimeoza. Bila hilo atasimama, ataitwa, atarudi kundini kama utaratibu unavyotaka, lakini moyo wake, anasema, utabaki kulekule nyuma. Shangazi alipeleka maneno hayo kama yalivyo. Mzee Breki alijibu, "Nitaangalia."

Leo ni Alhamisi. Asubuhi mke wa Mzee Breki ameleta shati jeupe la mumewe, siku moja kabla ya wakati wake, akaegemea meza ya shangazi.

"Mama Pasi, mzee wangu ananitia wasiwasi. Anajifungia bafuni anaongea peke yake."

"Anaongea nini?"

"Maji yakiwa wazi sisikii vizuri. Ila leo ameyafunga katikati, na nimesikia neno 'mbao'. Mara mbili."

Shangazi alilichukua lile shati, akalinyunyizia maji, akalikunja lilainike. Aliniuliza Jumapili ni siku ngapi bado, ingawa anajua. Nikamwambia tatu. "Tatu," akasema, akawasha pasi.