Viatu Vyangu vya Ulaya Vilivyoota Mpunga

Mtacheka nikimaliza, siyo sasa, maana jambo lenyewe hata leo nikilikumbuka niko peke yangu jikoni najifunika uso kwa kanga kama vile kuna mtu ananitazama. Mimi Tekla, msichana wa kwanza wa kwetu kuitwa kusoma Ulaya, niliwahi kufukuzwa na kuku mbele ya kanisa zima, tena nimevaa viatu vipya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa msaidizi katika hospitali ya misheni hapa Ifakara, nafagia wodi, nachemsha maji, nashika taa akina mama wakijifungua, na Sista wa wodi ile (Mzungu mrefu, mkali, lakini mwenye huruma) akaona naiweza kazi, akanitafutia nafasi kwao nikasomee ukunga. Mama yangu mzazi alifariki akijifungua mdogo wangu, kwa hiyo mnaelewa nafasi ile niliitaka kiasi gani. Niliitaka mpaka nikawa siwezi kula. Kikwazo kilikuwa baba. Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana, kila akiulizwa anajibu, "Huyu amekulia kwenye matope ya majaruba ya mpunga ya Idete, huko Ulaya hata kutembea ataweza?" Sista naye akasema bila kauli ya baba hanichukui, lori la kwenda kupanda meli linaondoka wiki ijayo kabla masika hayajaifunga barabara, na baba akaahidi kauli yake ataitoa Jumapili baada ya misa, mbele ya watu.

Basi Sista akanituma dukani nikachague viatu, akanionya, "Vipana, Tekla. Vya kutembea. Kule utatembea kutwa."

Dukani kwa Mhindi kulikuwa na pea mbili tu za kike. Moja ya kahawia, pana, ya kamba, imekaa kama mitumbwi miwili imeegeshwa. Nyingine nyeusi, inang'aa mpaka unajiona meno, ncha imechongoka, na kisigino kidogo hivi cha kukufanya utembee ukisema ko, ko, ko. Nani angechagua mitumbwi? Mwenye duka akanitazama miguu (mguu wa mtu wa bondeni mnaujua, umetanuka kwa kukanyaga tope tangu utotoni) akasema kwa upole, "Binti, hivyo vidogo. Chukua hivi vya kahawia, mguu utapumua."

Nikamjibu, "Mguu upumue, kwani una pua?" Nikachukua vyeusi. Nilijisemea moyoni, baba akiniona Jumapili na viatu hivi, nikija ko, ko, ko, ataona mwenyewe kwamba Ulaya naiweza.

Nyumbani mguu ukagoma kuingia. Nilikuwa nakaa kwa shangazi Leokadia, dada yake baba, mtu asiyeishiwa dawa ya jambo lolote, akaniambia, "Hilo tu ndilo linakuliza? Jaza mpunga, mwagia maji, vifunge kwa kamba, weka karibu na jiko. Mpunga ukivimba na ngozi itafuata. Asubuhi unamwaga." Nikafanya hivyo hivyo, nikajaza mpaka kwenye ncha, na kabla hata sijanawa mikono nikaitwa hospitali, kuna mama ameletwa kutoka Mkula uchungu umemshinda, na baada yake akaja mwingine, na mwingine, nikakaa huko huko siku nne, mpaka Jumamosi jioni. Viatu sikuvikumbuka hata kidogo.

Sasa mimi, mtu wa mpunga tangu babu, ninayeloweka mbegu kila mwaka kabla ya kusia, nilisahau kwamba mpunga ukipata maji na ukapata joto una kazi moja tu! Nilipofungua kamba nikakuta viatu vimefuga ndevu. Mizizi myeupe imeshika bitana yote, na harufu, ee Mungu wangu, kama pipa la pombe. Nikakwangua na mpini wa kijiko, nikakwangua, kule kwenye ncha kijiko hakifiki, nikasema basi, hakuna atakayechungulia huko. Nilichofurahia ni kwamba mguu uliingia. Kwa kilio, lakini uliingia.

Jumapili nikaenda pekupeku, viatu mkononi, kama tulivyokuwa tukifanya wote (viatu ni vya kanisani, siyo vya njiani), nikanawa miguu nje ya uwanja, nikavivaa. Misa ilipita salama. Baada ya misa tukatoka uani, akina mama wametandika mikeka, wali unapakuliwa, na baba amekaa mbele pamoja na Sista na wazee wa kanisa, ananisubiri. Nikaanza kwenda. Ko, ko, ko. Hatua za mwanzo zilikuwa nzuri kweli, hata nikasikia mtu anasema, "Tazameni, ameshakuwa Mzungu!"

Hakujua kwamba mshono ulikwisha oza. Cha kulia kikafunua mdomo, nikasikia punje inadondoka, kisha nyingine. Kuku jike mmoja wa hapo misheni, mwenye vifaranga, akaona. Akaokota, akanifuata. Nikaongeza mwendo, na punje nazo zikaongezeka, sasa wakaja kuku wengine, na jogoo kabisa, akaanza kudonoa soli ningali natembea. Nikajifanya sioni. Nikatabasamu! Watu wameshika matumbo, jogoo kanidonoa kidole, nikaruka, kisigino kikabaki nyuma peke yake, mimi nikaenda chini kifudifudi mpaka miguuni pa baba.

"Shikamoo baba," nikasema nikiwa pale pale chini. Ningesema nini kingine?

Viatu vyote viwili vilikuwa wazi, miche imetokeza vidoleni. Na shangazi, badala ya kunisitiri, akapiga kelele kutoka kwenye mikeka, "Nilimwambia usiku mmoja tu! Jamani, mimi nilisema usiku mmoja!" Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hata Sista alikuwa amefunika mdomo. Nikalia, nawaambieni, nililia kama mtoto, siyo kwa kuanguka, ni kwa kuwa nilijua swali la baba nimeshalijibu mimi mwenyewe. Hata kutembea ataweza? Hawezi, si mmeona?

Baba hakucheka. Aliniangalia miguu, ngozi imechubuka mpaka damu, akauliza polepole, "Viatu hivi alikuchagulia nani?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Vilikuwa vinakuuma?"

"Tangu nilipovivaa."

"Na lori lingekuja leo?"

"Ningepanda navyo, baba. Ningekwenda hata vikinikata miguu."

Kicheko kikapungua, watu wakatulia. Ndipo baba yangu, mtu mzima ambaye sijawahi kumwona akipiga goti nje ya kanisa, akainama, akavuta uzi wa ukindu uliochomoka ukingoni mwa mkeka, akapiga goti mbele yangu. "Lete mguu," akasema. Nikataka kuukunja kwa aibu, mguu wenyewe umejaa vumbi na mizizi, akaushika. Akaupima kutoka kisigino mpaka dole gumba, akapiga fundo, akaupima tena upana, akapiga fundo la pili. Kisha akamgeukia Sista.

"Kesho asubuhi nitakwenda dukani mwenyewe," akasema. "Huyu mtoto hawezi kufika Ulaya pekupeku."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake. Sista akafuta macho, shangazi akapiga vigelegele kama vile mpango wote ulikuwa wake, na mimi nikalia upya, safari hii kwa furaha.

Nilikwenda, nikasoma, nikarudi, na baadhi yenu mnaonisikiliza nimewapokea kwa mikono hii hii. Lakini tangu siku ile nimeapa, kiatu nakivaa kwanza, nazunguka duka zima, nachuchumaa, nainuka, na muuzaji akiniambia, "Mama, vimekupendeza," namwambia, "Mwanangu, hilo sijakuuliza."