Tando Tano Zilizopangwa kwa Rangi

Ami Shenuda alikuwa fundi wa maabara yetu pale Kairo kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sikumwona akifanya kitu kwa haraka. Alikuwa akinikera, sikufichi. Akishamimina plastiki ya majimaji kwenye kisahani, yenye chembechembe za fedha zisizoonekana kwa macho, alikuwa akiilinda na vumbi siku tatu mpaka ikauke iwe utando mwembamba kama ganda la kitunguu.

Alimtengenezea Ghada, mwanafunzi wetu, tando sita. Moja ikabaki bila mionzi, ya kulinganishia, tano zikapigwa mionzi ya gama, kila moja kwa kipimo chake. Ghada alitaka kujua mionzi inabadilishaje namna utando unavyopitisha mwanga. Grafu ikatoka nzuri ajabu: mionzi ikizidi, utando unakolea kahawia na mwanga unazuiwa zaidi. Profesa akafurahi. Nafasi ya kusoma Japani ilikuwa inamngoja Ghada, kutetea tasnifu kumebaki wiki moja, ndipo Ami akanivuta pembeni tukila maharage ya ful.

Akaniambia kwamba tando ziliporudi, gundi ya vibandiko vyenye vipimo vya kila utando ilikuwa imekaushwa na mionzi, na vibandiko vyote vimebanduka ndani ya bahasha. Akazipanga kwa rangi, hafifu kwanza, iliyokolea mwisho, akaziandika vipimo upya kwa mpangilio huo. Miaka yote alikuwa ameona mionzi ikizidi rangi inakolea, kwa hiyo hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Nikamwambia anyamaze. Binti wa watu akose Japani kwa sababu ya gundi? Na yeye mwenyewe amebakiza miezi minne astaafu kwa heshima zake. Akamaliza mkate wake, akaenda kwa Ghada, nami nyuma yake.

"Mwanangu," akamwambia, "ile grafu nimeichora mimi. Tando nilizipanga kwa rangi."

Ghada alilia, acha tu. Wakaanza upya, kisahani kwa kisahani, na safari hii wakakata alama kwenye ukingo wa kila utando. Utando wa tatu ndio uliokolea kuliko wote. Wa tano, uliopigwa mionzi mingi zaidi, ulikuwa umeanza kupauka. Hakuna aliyetegemea hilo. Nafasi ya Japani alishapewa mwingine.

Siku Ami alipoagwa kwa kustaafu nilikuwa bado nina hasira naye. Nikamuuliza Ghada kama amemsamehe.

"Nimsamehe nini? Angenyamaza ningekwenda Japani kuwapelekea watu uongo." Akanikazia macho. "Na wewe dada ulijua. Ungeniambia?"

"Nisingekuambia," nikasema. Niliona aibu kubwa.